Fomu Ni Moja, Uzito Si Mmoja

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza orodha mpya ya tahasusi za kidato cha tano. Zilizokuwapo zilikuwa 16. Zikaongezwa 49, zikawa 65. Wanafunzi waliokua wakisikia PCM, PCB, HGL, HKL na EGM kutoka kwa kaka na dada zao wakajikuta mbele ya makundi saba, kuanzia sayansi na lugha hadi michezo, sanaa na elimu ya dini. Sisi walimu wa malezi na ushauri nasaha tulifurahi, maana mtoto mwenye kipaji cha muziki au cha mpira hatimaye alikuwa na mlango wake. Lakini ni orodha hiyo hiyo iliyonifanya nilitazame upya jambo ambalo nimeliona shuleni tangu nianze kazi. Karatasi moja, iliyobandikwa ukuta mmoja, kwa mtoto huyu ilikuwa neema na kwa mwenzake ilikuwa mateso.

Nafundisha bailojia katika sekondari ya serikali mkoani Tanga, na vipindi vikiisha nakaa kwenye chumba kidogo kando ya maktaba kusikiliza wanafunzi. Kabla hawajaingiza machaguo yao kwenye mfumo wa Selform, huwa nawapa karatasi ya mazoezi. Namna inavyojazwa hunieleza mengi kuliko kilichoandikwa juu yake. Kuna kijana aliyeandika PCM kwa peni, akaikunja, akanikabidhi na kutoka. Kuna binti wa darasa lake, mwenye alama zinazokaribiana na zake karibu somo kwa somo, aliyefuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka kwenye mstari wa chaguo la kwanza. Walikuwa wamesikia maelezo yale yale, kutoka kwa mwalimu yule yule, asubuhi ile ile.

Tofauti hiyo tumezoea kuieleza kwa lawama. Anayeamua upesi tunamwita jasiri akifaulu na mpurukushani akianguka. Anayesitasita tunasema hana msimamo, au tunasema amedekezwa. Hata methali tunazitumia kama fimbo. Tunazo za kumzuia mwenye pupa, haraka haraka haina baraka, na tunazo za kumsukuma mzito, ngoja ngoja huumiza matumbo. Na kila nyumba hushika ile inayofanana na hulka ya mkubwa wa nyumba. Baba mwepesi wa kuamua humwambia mwanawe mzito kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtoto haambulii ushauri hapo. Anachosikia ni kitisho, na kitisho kinamwongezea uzito ule ule uliomkwamisha.

Nimekuja kuamini, na ndilo jambo ninalotaka msomaji alichukue kwa uzito, kwamba ugumu wa kuamua kwa sehemu kubwa haukai kwenye jambo linaloamuliwa. Unakaa kwa anayeamua. Utafiti wa saikolojia wa miongo kadhaa unaunga mkono hilo, ingawa si kwa namna nyepesi inayosimuliwa mara nyingi.

Tuanze na Mmarekani Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Mwaka 1956 aliandika kwamba binadamu hawezi kupima kila njia iliyo mbele yake, kwa kuwa akili ina mipaka na muda una mipaka. Mtu hujiwekea kiwango kinachomtosha, anatafuta, na cha kwanza kinachofikia kiwango hicho anakichukua. Mwaka 2002 Barry Schwartz wa Chuo cha Swarthmore, Marekani, na wenzake waliligeuza wazo hilo kuwa swali la hulka. Je, kuna watu wanaotulia wakishapata kinachotosha, na wengine wasiotulia mpaka wajihakikishie kwamba wamepata kilicho bora kuliko vyote? Walitunga dodoso la maswali 13, wakawapa watu wengi. Waligundua kwamba kadiri mtu alivyokuwa na hulka ya kusaka kilicho bora kuliko vyote, ndivyo alivyokuwa na majuto zaidi, furaha haba, na mazoea ya kujilinganisha na wengine.

Miaka minne baadaye Schwartz, pamoja na Sheena Iyengar na Rachael Wells, walifuatilia wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Wasakaji wa kilicho bora walipata kazi zenye mshahara wa kuanzia uliowazidi wenzao kwa asilimia 20 hivi. Na bado walikuwa hawaridhiki kama wenzao, tena safari nzima ya kutafuta waliipita wakiwa na wasiwasi na uchovu zaidi. Naliona jambo hilo kwa wahitimu wangu wa kidato cha sita. Utaratibu wa udahili wa vyuo vikuu unamtaka mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja athibitishe chuo kimoja kwa namba maalumu ya siri. Wanaonipigia simu jioni wakiwa na machozi kooni si wale waliokosa. Ni waliopata viwili au vitatu.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulipita. Kuna wazazi wanaosikia matokeo hayo wakahitimisha kwamba kutaka makubwa ndiko kunakowaumiza watoto. Sivyo. Mwaka 2008 watafiti wengine walilichambua dodoso lile lile la maswali 13 wakaona kwamba limebeba mambo matatu yaliyochanganywa: kuwa na viwango vya juu, kuendelea kutafuta njia nyingine, na kuhisi kuamua ni kugumu. Kuwa na viwango vya juu peke yake hakukwenda na huzuni. Mwenye kuumia alikuwa yule anayeshindwa kuacha kutafuta na anayehisi kila uamuzi ni mzigo. Kwa hiyo mtoto anayetaka kuwa daktari bingwa asipunguziwe ndoto yake. Asaidiwe kufahamu ni wapi pa kusimama katika kutafuta.

Na wingi wenyewe wa machaguo? Jaribio linalotajwa sana ni la Iyengar na Mark Lepper, lililochapishwa mwaka 2000. Katika duka moja la vyakula huko California waliweka meza ya kuonja jemu, mara aina 24, mara aina 6. Meza ya aina 24 ilivuta watu wengi zaidi, lakini waliosimama hapo walionunua walikuwa asilimia 3 tu, na kwenye meza ya aina 6 walikuwa asilimia 30. Habari hiyo ilizunguka dunia, na watu wakasema wingi wa machaguo ni sumu. Mwaka 2010 wataalamu watatu walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo, wakakuta kwamba kwa wastani athari ya wingi inakaribia sifuri: palipoleta shida palikuwapo, na palipoleta manufaa palikuwapo pia. Mtu anayejua tangu mwanzo anachokipenda wingi humfaa, kwa sababu unamwongezea nafasi ya kukipata. Ndiyo maana sikubaliani na walimu wenzangu wanaonung'unika kwamba tahasusi 65 ni nyingi mno kwa watoto. Kwa yule mwenye kipaji cha muziki, ya 17 ndiyo iliyomwokoa.

Yule binti wa raba hakuwa anajua anachokipenda, na hata alichokijua alikitilia shaka. Nilipomketisha sikumwuliza atachagua nini. Nilimwomba anisimulie alivyofika pale alipofika. Alikuwa amelinganisha PCB na CBG. PCB, aliniambia, inafungua udaktari na ufamasia. CBG ina jiografia, na jiografia anaiweza kuliko fizikia. Kisha akasoma orodha mpya, akaona nyingine inayofaa, akarudi mwanzo. Kila alipokaribia kukata shauri alijiona amekuwa mtu mzima, amekaa mahali, anajuta. Neno lake lilikuwa moja: “Mwalimu, nikikosea je?”

Wanasaikolojia huigawa hulka ya binadamu katika mihimili mitano mikuu: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, umakini na mpangilio wa kazi, uchangamfu mbele za watu, upole na utayari wa kupatana, na udadisi wa mambo mapya. Katika tafiti nyingi mhimili unaoambatana zaidi na ugumu wa kuamua ni wa kwanza. Mwenye moyo mwepesi wa kuingiwa na wasiwasi huona hasara kabla ya faida, na hasara anayoiona huihisi leo ingawa haijatokea. Umakini wa kazi huelekea upande wa pili: aliyezoea kupanga na kumaliza anachokianza huripoti ugumu mdogo kuliko wengine, na mchangamfu vilevile. Akili haimo katika hesabu hiyo. Binti wa raba alikuwa katika wale wa mbele darasani.

Itamar Gati wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, pamoja na wenzake wawili, mwaka 1996 walipanga ugumu wa kuchagua kazi katika mafungu matatu. Wapo ambao hawajawa tayari hata kuanza, wapo wasiokuwa na taarifa, na wapo wenye taarifa zinazogongana, ama ndani ya nafsi zao ama kati yao na watu wao. Mpango huo umenisaidia kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni, kwa sababu unaniambia kila mtoto ahudumiwe wapi. Aliyekosa taarifa ukimwonyesha kwamba fundi umeme aliyepita VETA au mhitimu wa stashahada kutoka chuo cha kati ana njia ya kweli ya maisha, anainuka na kwenda kujaza. Ambaye ugumu wake ni hulka, kila taarifa mpya unayompa unamwongezea sababu ya kuanza upya. Nina namna ya kuwatofautisha. Huwa nauliza mambo madogo: wikendi utafanya nini, kwenye kantini leo ulinunua nini na ulichaguaje. Anayesumbuliwa na tahasusi peke yake hunijibu papo hapo, akinishangaa. Ambaye hulka yake ndiyo nzito husita hata hapo kati ya andazi na chapati, na huwa ameshasita tangu utotoni. Mama yake akija shuleni ananithibitishia.

Nimrudie yule kijana wa peni. Wiki moja baadaye nilimwita, nikamwomba aandike sababu moja tu inayoweza kumfanya asichukue PCM. Alikasirika. Alisema ameshaamua na hataki kurudi nyuma, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilimwacha anywe maji kwanza. Ilimchukua muda kueleza kwamba hawezi kuvumilia kukaa bila jibu. Kwamba usiku kabla ya kuandika ile karatasi hakulala, na alipoandika herufi tatu ndipo alipopumua. Wepesi wake ulikuwa wasiwasi ule ule wa binti wa raba, umetokea kwa mlango mwingine.

Mwanasaikolojia Arie Kruglanski ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza hulka hiyo ya kuhitaji jibu la uhakika, lolote liwalo, kuliko kubaki katika mashaka. Yeye na Donna Webster walichapisha kipimo chake mwaka 1994. Mwenye hitaji hilo kwa wingi hudaka jibu la kwanza linalomjia, kisha hulishikilia na kufunga masikio. Kwa nje tunaona kijana anayejiamini, tunamsifu mbele ya wenzake, na kwa sifa hizo tunamfungia mlango wa kurudi kufikiri. Mtoto wa namna hii mimi humhofia zaidi kuliko anayefuta kwa raba. Huyu wa raba angalau watu wazima humwona na kumjia.

Yupo na wa tatu, ambaye jibu lake ni “chochote tu, mwalimu.” Huyu ni mpole, anapenda kupatana, na tangu nyumbani mambo makubwa yameamuliwa na baba, baba mkubwa au shangazi aliyelipa ada. Kuna walimu wanaomwona hana akili yake. Lakini mwaka 1999 Iyengar na Lepper hao hao walieleza jaribio walilolifanya San Francisco kwa watoto wa miaka 7 hadi 9. Watoto Wamarekani wenye asili ya Ulaya walijituma zaidi kwenye mchezo wa maneno waliouchagua wenyewe. Wenye asili ya Asia walijituma zaidi walipoambiwa kwamba mama zao ndio waliowachagulia. Kwa watoto hao wa pili kuchaguliwa na mama hakukuwa kunyang'anywa kitu. Mama alikuwa sehemu ya nafsi inayochagua. Nikimwangalia mtoto wa Pangani au Lushoto aliyelelewa na ukoo mzima, siwezi kumwambia aamue peke yake kana kwamba ukoo haupo. Humwambia aende nyumbani na maswali mawili yaliyoandikwa, amwulize shangazi na baba kila mmoja kwa wakati wake, kisha arudi aniambie ni jibu gani limemtulia moyoni. Akiwa na jibu la moyoni ndipo tunapozungumza.

Neno moyo silitumii kwa mapambo. Wapo wazee wanaowaambia vijana waache hisia na watumie akili. Antonio Damasio, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi Iowa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1994 habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Akili yao ya kuhesabu na kukumbuka ilibaki nzima, ila hisia zilikuwa zimepoa. Mmoja alipewa tarehe mbili achague siku ya kurudi hospitali. Kwa karibu nusu saa alichambua sababu za kila tarehe, na mwisho daktari akamchagulia. Hisia ndizo zinazosema “basi, hapa panatosha.” Shida ya binti wa raba ni kwamba sauti hiyo kwake ilikuwa inafunikwa na hofu, na kumwambia asisikilize hisia ni kumwondolea na kidogo alichobaki nacho.

Kuna hatari nyingine inayofaa kutajwa kwa wale wenye hulka nzito. Aner Sela na Jonah Berger walionyesha mwaka 2012 kwamba mtu akihisi ugumu katika kuamua jambo dogo, huuchukua ugumu huo kama dalili kwamba jambo ni kubwa, akatumia muda zaidi, akazidi kuzama. Nimewaona wanafunzi wakifanya hivyo na chaguo la nne na la tano, ambayo mara nyingi hayatawafikia kabisa. Kwa sababu wanasumbuka, wanaamini kuna kitu cha kusumbukia. Mzazi anayemwona mwanawe amekosa usingizi naye anaingiwa na hofu, anaita kikao cha ndugu, na sasa jambo dogo limekuwa la ukoo.

Baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka, OR-TAMISEMI hufungua mfumo kwa muda maalumu ili wahitimu wanaotaka wabadilishe tahasusi au machaguo ya vyuo. Ni utaratibu mzuri, na umewanusuru wengi ambao matokeo yao yalikuwa tofauti na walivyotarajia. Lakini mlango wa kubadilisha ukiwa wazi, si kila moyo unapumzika. Daniel Gilbert na Jane Ebert mwaka 2002 walieleza jaribio la wanafunzi wa Harvard waliopiga picha, wakasafisha mbili wazipendazo, kisha wakatakiwa kubaki na moja. Kundi moja liliambiwa linaweza kubadilisha mawazo baada ya siku chache; jingine liliambiwa uamuzi ni wa mwisho. Walioweza kubadilisha waliishia kuzipenda picha zao kidogo kuliko wasioweza. Ajabu ni kwamba watu wakiulizwa mapema, hudhani nafasi ya kubadilisha haitawapunguzia furaha. Kwa hiyo mhitimu ambaye matokeo yamekuja kama alivyotarajia, na ambaye hulka yake ni ya kusitasita, namshauri asiufungue mfumo huo kabisa. Wa pupa, aliyeandika bila kufikiri, yeye namsukuma aingie na atazame tena. Ushauri mmoja kwa wote wawili ungemwumiza mmoja.

Yule binti nilimpa kazi kabla ya kumrudishia orodha. Aandike kwanza kinachomtosha: masomo yapi yasikosekane, kazi za namna gani zisifungwe, na kiasi gani cha mashaka anaweza kuishi nacho. Kisha apitie tahasusi chache tu zinazofikia kiwango hicho, na asimame kwenye ya kwanza inayofaa. Tuliweka tarehe, kabla ya tarehe ya serikali. Alichagua CBG. Aliendelea kuwa na wasiwasi kwa muda, na sikumwahidi kwamba utaisha, kwa kuwa hulka haiondoki kwa kikao kimoja na mwalimu. Tafiti zinaonyesha kwamba kwa watu wengi wasiwasi hupungua kadiri utu uzima unavyoingia, na hilo nilimwambia, maana ni kweli na alihitaji kulisikia.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa kidato cha nne, nakuomba. Akija na fomu, kabla ya kumwuliza amechagua nini, mwulize kinachomtisha ni nini. Akiwa mzito usimlinganishe na kaka yake. Akiwa mwepesi usimpongeze kabla hujamsikia akitaja upande wa pili. Na mkishaamua, usilifufue jambo hilo mezani kila jioni. Kama mnakwama, njoo naye shuleni kabla ya mfumo kufungwa. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo kwa kazi hiyo.